Bawa lisipofunguka angani, setilaiti hugeuka chuma chakavu

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

FUNDI mmoja wa kuezeka hapa Tlawi, wilayani Mbulu, alichomoa tepu yake ya kupimia na kuisukuma hewani kuelekea ng'ambo ya kenchi aliyokuwa akiipima. Ukanda ule wa chuma, mwembamba kama jalada la daftari, ulikwenda wenyewe ukiwa umenyooka, bila mtu wa kuupokea upande wa pili. Ulipokaribia mita mbili ulivunjika katikati kwa mlio mkali na kuning'inia. Fundi aliurudisha kwenye kibweta chake, akamwita kijana wake apande akashike ncha.

Mwandishi wa makala haya alikuwa Tlawi kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini kitendo kile cha sekunde chache kinafafanua, pengine kuliko vitabu vingi, tatizo ambalo limewasumbua wahandisi wa vyombo vya anga za juu tangu miaka ya 1960: namna ya kutengeneza kitu kikubwa, chepesi na kigumu, kinachoweza kukunjwa kikawa kidogo, kisha kikajikunjua chenyewe mahali ambapo hakuna kijana wa kupanda kushika ncha.

Tatizo hilo si la Wamarekani na Wajapani peke yao. Setilaiti ya kwanza ya Uganda ilisafiri ndani ya chombo ambacho bawa lake moja lilikataa kufunguka. Setilaiti iliyorushwa pwani ya Kenya mwaka 1970 na kupewa jina la Kiswahili ilitegemea mabawa manne yaliyokunjwa. Na Tanzania nayo, ambayo mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa inajiandaa kurusha setilaiti yake, haitalikwepa.

Kwa nini kikunjwe?

Jibu la haraka ni kwamba roketi ni nyembamba. Kichwa cha roketi ya Ariane 5, iliyokuwa miongoni mwa roketi kubwa za mizigo duniani hadi ilipostaafishwa mwaka 2023, kilikuwa na upana wa mita 5.4 kwa nje. Chochote kilichopaswa kwenda angani kilipaswa kuenea humo. Roketi ndogo zina nafasi finyu zaidi.

Lakini kazi ya setilaiti, mara nyingi, inadai ukubwa. Umeme hutokana na jua, na umeme mwingi hudai eneo kubwa la paneli. Antena ya kuongea na dunia kutoka mbali, au ya kumulika ardhi kwa rada, nayo haifanyi kazi yake ikiwa ndogo. Hapo ndipo penye mgongano: kinachotakiwa ni kipana, na mlango ni mwembamba.

Kisha kuna uzito. Hata baada ya bei kushuka sana katika miaka ya karibuni, kupeleka kilo moja angani bado hugharimu maelfu ya dola za Marekani. Kila gramu ya bawaba, skrubu na mota ni gramu iliyonyang'anywa kamera au betri. Kwa hiyo mhandisi hatakiwi tu kukikunja kitu. Anatakiwa akikunje kikiwa chepesi kiasi kwamba, kama tutakavyoona, hakiwezi hata kujibeba chenyewe hapa duniani.

Siri ya ukanda uliopinda

Turudi kwa tepu ya fundi. Chukua utepe wa chuma bapa wenye upana na unene uleule, uusukume hewani. Utalala papo hapo kama utambi. Tepu hailali kwa sababu imepindwa kwa upana wake, mfano wa mfereji wa maji. Ni kanuni ileile inayolifanya bati la migongo libebe uzito wa fundi juu ya paa, wakati bati bapa la unene huohuo lingebonyea chini ya mguu. Umbo ndilo linaloleta ugumu, si wingi wa chuma.

Tepu inapoviringishwa ndani ya kibweta, ule mpindo hulazimishwa kuwa bapa. Chuma hakipendi. Kinakuwa kimebeba nguvu, kama springi iliyobanwa, kikisubiri kuachiwa. Kikiachiwa kinarudi kwenye mpindo wake, na kinyume na mlango wenye bawaba, hakihitaji komeo la kukifunga kikishanyooka: mpindo wenyewe ndio komeo. Ukanda mmoja unafanya kazi ya bawaba, springi, mota na komeo kwa pamoja.

Wahandisi wameitumia hila hiyo kwa namna nyingi. Darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani mwaka 1990, ilikuwa na mabawa ya paneli laini yaliyoviringishwa kama mkeka na kukunjuliwa kwa nguzo za chuma zilizotoka katika kanuni hii. Mwaka 2024 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilirusha kisetilaiti kiitwacho ACS3 ambacho kilitoa nguzo nne za nyuzi za kaboni, kila moja ikiwa na urefu wa mita 7, na kutandaza tanga la mita za mraba takriban 80. Kabla ya hapo nguzo hizo zote pamoja na tanga lake zilikuwa ndani ya sanduku linaloweza kubebwa kwa mikono miwili. Tanga lilifunguka mwezi Agosti mwaka huo. Baadaye ilibainika kwamba nguzo moja ilikuwa imepinda kidogo.

Na kwa setilaiti ndogo kabisa, zile za umbo la mchemraba wenye sentimita 10 kila upande, wanafunzi wa vyuo vikuu duniani kote wamekuwa wakitengeneza antena kwa kukata tepu halisi za madukani. Antena hiyo huzungushwa kuuzunguka mchemraba na kufungwa kwa uzi wa nailoni, ndugu wa mshipi wa mvuvi. Kando ya uzi huwekwa waya mdogo unaopata moto umeme ukipita. Ikifika saa yake, waya unawaka, uzi unayeyuka na kukatika, tepu inaruka na kunyooka.

Uzi wa shilingi chache, basi, ndio unaosimama kati ya taifa na sauti ya setilaiti yake.

Safari ya Uganda na bawa lililokwama

Novemba 7, 2022, roketi ya Antares iliruka kutoka Wallops, jimboni Virginia, Marekani, ikiwa imebeba chombo cha mizigo kiitwacho Cygnus kilichokuwa kikienda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwa PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ya ukubwa ule wa sentimita 10, iliyotengenezwa na wahandisi watatu wa Uganda waliokuwa wakisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Pamoja nayo ilikuwamo ZimSat-1, setilaiti ya kwanza ya Zimbabwe.

Cygnus ya aina hiyo ina mabawa mawili ya duara. Kila bawa hupanda likiwa limefumbwa, kisha hufunguka kwa kuzunguka kama upepeo wa mkono unavyofunuliwa, hadi mwisho ukutane na mwanzo na kufanya duara kamili. Ni ubunifu mzuri: mwepesi, na ukiwa umefumbwa hauchukui nafasi.

Siku ile bawa moja lilifunguka. La pili halikufunguka.

Baadaye NASA ilieleza kilichotokea. Wakati wa kutengana kwa sehemu za roketi, kipande cha blanketi la kupunguza kelele lililokuwa kwenye roketi kilichomoka na kunasa katika mtambo wa bawa. Bawa halikuwa na kosa lolote la hesabu. Lilibanwa na tambara. Wahandisi walipiga hesabu ya umeme, wakaona bawa moja lingetosha kukifikisha chombo, wakaliacha la pili likiwa limefumbwa. Novemba 9 mkono wa kituo ulikidaka chombo hicho salama, na ndani yake setilaiti ya Uganda ikiwa nzima.

Vyombo vya habari vya ukanda wetu vilishangilia, na vilikuwa na haki ya kushangilia. Ila ni wachache walioeleza kwamba mzigo ule ulifika kwa kuwa mtu fulani, miaka mingi kabla, aliweka akiba ya umeme ya kutosha.

Desemba 2, 2022, PearlAfricaSat-1 ilisukumwa nje kutoka katika maabara ya Kijapani ya kituo hicho, iitwayo Kibo. Jambo ambalo halikuonekana katika picha za tukio hilo ni kwamba kisetilaiti kinapotoka pale hakiruhusiwi kufungua kitu wala kutoa sauti ya redio kwa takriban nusu saa, ili kisije kikadhuru kituo kilicho na watu. Katika nusu saa hiyo kinaelea kimya. Kisha saa ya ndani hugonga, waya unapata moto, na walioko duniani husubiri zamu ya kwanza ya kupita juu ya antena yao ili wajue kama uzi umekatika.

Kenya ilipitia mlango huohuo Mei 11, 2018, kwa setilaiti yake ya kwanza, 1KUNS-PF, ya Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Rwanda ilifuata mwaka 2019 na RWASAT-1. Aprili 15, 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, yenye ukubwa wa michemraba mitatu, safari hii kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California, ikikusudiwa kupiga picha zitakazosaidia kilimo na usalama wa chakula.

Malindi, miaka zaidi ya 50 iliyopita

Wasomaji wengi watashangaa kuambiwa kwamba Afrika Mashariki iliyaona mambo haya mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya. Katika bahari ya Hindi, mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya miguu, mfano wa mitambo ya kuchimba mafuta, na kuyaita San Marco. Sababu ya kuchagua Malindi ni jiografia: karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huazima kasi hiyo bure. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka pale Aprili 26, 1967.

Iliyokuja kujulikana zaidi ni ile ya Desemba 12, 1970. Ilikuwa setilaiti ya NASA, ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, iliitwa Uhuru. Kazi yake ilidumu hadi mwaka 1973 na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa nyembamba mno. Mwili wa Uhuru wenyewe ulikuwa mcheduara wa takriban sentimita 56 kwa upana na sentimita 116 kwa kimo, mkubwa kidogo tu kuliko pipa la mafuta. Juu ya mwili huo hapakuwa na nafasi ya paneli za kutosha, kwa hiyo mabawa manne ya umeme wa jua yalikunjwa ubavuni na kufunguka angani kama petali za ua. Kama yangekwama, jina Uhuru lingebaki kuwa jina la kopo lililopotea.

Urushaji wa mwisho kutoka San Marco ulifanyika mwaka 1988. Kituo bado kipo, sasa kikiitwa kwa jina la Broglio, lakini kazi yake ni kufuatilia setilaiti za wengine.

Kinachokwamisha

Orodha ya ajali za kukwama ni ndefu, na ina sifa moja ya kushangaza: vinavyokwama karibu kila mara ni vitu vidogo. Maabara ya anga ya Marekani, Skylab, ilipoteza bawa moja zima wakati wa kurushwa Mei 14, 1973, na la pili likabanwa na kipande cha chuma. Wanaanga waliofuata walilazimika kutoka nje na kukikata kwa mkasi wa mpini mrefu. Bawa likafunguka na kituo kikaokolewa.

Galileo, chombo kilichokwenda sayari ya Mshtarii, hakikuwa na watu wa kukitolea mkasi. Antena yake kuu, yenye upana wa mita 4.8, ilikuwa mwavuli halisi wenye mbavu 18. Aprili 1991 amri ya kuufungua ilipotumwa, baadhi ya mbavu hazikuachia. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye kilainishi cha pini zilizoshika mbavu hizo. Baada ya ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986, Galileo ilicheleweshwa kwa miaka, na antena ikasafirishwa kwa lori kutoka California hadi Florida, ikarudishwa, kisha ikapelekwa tena. Mtikisiko wa barabarani, inaaminika, ndio uliokwangua kilainishi. Mtu aliyewahi kusafirisha chochote chenye skrubu katika barabara zetu za vumbi ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Galileo ilifanya kazi yake kwa antena ndogo ya akiba, ikituma taarifa kwa mwendo wa kobe.

Mwaka 2021 chombo Lucy, chenye mabawa ya duara ya jamii ileile ya Cygnus, kilifungua bawa moja kikamilifu na jingine likaishia kabla ya kukamilisha duara, kamba ya kulivuta ikiwa imelegea. Mwaka 2023 antena ya mita 16 ya chombo cha Ulaya, Juice, ilikwama kwa sababu ya pini moja ndogo. Ilichukua takriban mwezi mzima wa kukitikisa chombo na kukigeuza kipate joto la jua kabla pini haijaachia.

Sababu zenyewe zinarudi kwenye mazingira. Anga za juu ni ombwe. Hakuna hewa, na mafuta ya kawaida huyeyukia mbali. Vyuma viwili vilivyosuguana hadi kupoteza tabaka la juu vinaweza kugandana kana kwamba vimechomelewa. Upande ulio juani unaungua, ulio kivulini unaganda, na vyote viwili hubadilishana kila setilaiti inapoingia na kutoka katika kivuli cha dunia. Mabawa ya kwanza ya Hubble yalikuwa yakitetemeka kila yalipovuka mpaka huo, yakaitikisa darubini nzima, hadi yakabadilishwa Desemba 1993.

Ugumu wa kupima nyumbani

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, na ndipo ambapo mijadala yetu ya setilaiti huwa haifiki. Daraja hupimwa kwa kupitisha malori juu yake. Ndege hupimwa kwa kuirusha. Bawa la setilaiti limesanifiwa kwa mahali pasipo uzito, kwa hiyo likifunguliwa karakana linainama na kuvunjika kwa uzito wake lenyewe, kama tepu ya yule fundi ilivyofanya ilipokaribia mita mbili. Angani tepu hiyohiyo ingekwenda mbali zaidi bila kuinama.

Wahandisi hulazimika kudanganya. Wanalining'iniza bawa kwa kamba nyingi zinazopita juu ya kapi, kila kamba ikibeba kipande chake cha uzito, au wanalifungua juu ya meza laini inayopuliza hewa. Lakini kamba nazo zina msuguano wake, na hewa ya chumbani inalisukuma bawa jepesi kama upepo unavyosukuma tiara. Zaidi ya hapo huwapo tanuri za ombwe za kuigiza baridi na joto, na meza za kutetemesha za kuigiza safari ya roketi. Baada ya yote hayo, mara ya kwanza bawa kufunguka katika mazingira yake halisi ni ileile inayohesabika.

Wapo waliochagua kukwepa bawaba kabisa. Mwaka 1960 Marekani ilirusha Echo 1, puto la plastiki lililopakwa aluminiamu, lenye kipenyo cha mita 30.5, likiwa limekunjwa ndani ya chombo kidogo na kujazwa gesi angani. Mwaka 2010 Japani ilifungua tanga la IKAROS, la mita 14 kwa 14 na unene wa mikroni 7.5, yaani takriban sehemu ya kumi ya unene wa unywele, kwa kukizungusha chombo kizima: uzito mdogo kwenye kila pembe ulilivuta tanga nje kama vazi la mcheza ngoma anayezunguka.

Mjapani mwingine, Profesa Koryo Miura, alishughulikia swali ambalo kila mama mwenye khanga amelijibu kwa njia yake. Khanga ikikunjwa mara nne, kuifungua kunadai hatua nne, kila moja na mikono yake. Miura alibuni mikunjo ya mshazari ambayo, ukivuta pembe mbili tu za karatasi, yote hufunguka kwa mara moja, na ukisukuma hurudi yote. Mkunjo huo ulipelekwa angani mwaka 1995 katika paneli za jua za majaribio.

Kilele cha kazi hii hadi sasa ni darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021. Kioo chake cha mita 6.5 kilikunjwa katika sehemu tatu, na mwavuli wake wa kuzuia jua, wenye tabaka tano na ukubwa wa kiwanja cha tenisi, ulishikwa na pini 107 zilizopaswa kuachia bila kukosa hata moja. Kwa jumla walihesabu mambo 344 ambayo lolote kati yake, likishindikana, lingeweza kuangusha mradi. Yote yalifanyika katika muda wa wiki mbili. Gharama ya mradi ilikuwa takriban dola bilioni 10, na sehemu kubwa ya miaka ya kuchelewa ilitumika kupima na kupima tena.

Hanang na mawingu yake

Msomaji wa mjini anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Jibu la karibu kuliko yote liko kusini mwa hapa, katika mkoa huuhuu wa Manyara. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Picha za setilaiti zilizopigwa baadaye zilionyesha wazi makovu ya mlimani mahali ambapo ardhi ilikatika.

Tatizo la kamera za kawaida ni kwamba mvua huja na mawingu, na wakati wa kuhitaji picha ndio wakati mlima umefunikwa. Rada hupenya mawingu na huona usiku. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo picha zake hutolewa bure kwa yeyote duniani, zina antena ya rada yenye urefu wa mita 12.3. Antena hiyo haiwezi kupanda roketi ikiwa imenyooka. Sentinel-1A iliporushwa Aprili 3, 2014, kufunguka kwa antena na mabawa yake mawili kulipangwa kwa zamu, hiki kikisubiri kile ili visigongane, na kulichukua takriban saa 10. Kama bawaba moja ingegoma usiku ule, kusingekuwa na picha za setilaiti hiyo za kutazama miteremko ya Hanang wala mafuriko ya Rufiji.

Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi huyu, maswali yanayoulizwa kila inapotajwa setilaiti ya taifa, yaani itaitwaje, itarushwa lini na itagharimu kiasi gani, yanaacha lililo zito zaidi. Swali hilo ni nani atakayeikunja, nani atakayeipima, na mara ngapi. Uganda na Kenya zilipeleka vijana wao kwenye maabara za nje, ambako vyumba vya ombwe na meza za kutetemesha tayari vipo. Huo ni mwanzo wenye busara. Lakini sehemu ya kazi haihitaji mitambo hiyo. Tepu ya fundi, uzi wa nailoni, betri, waya mwembamba wa kupata moto na sanduku la mbao vinaweza kupatikana Mbulu mjini kwa siku moja. Darasa la fizikia la sekondari linaweza kuifunga antena, kuiweka usiku kucha nje katika baridi ya nyanda hizi, kuitikisa nyuma ya lori hadi Karatu na kurudi, kisha kuwasha umeme na kuandika kama imefunguka au haikufunguka. Halafu kuifunga tena, na tena, mara mia moja, na kuandika idadi ya mara ilizokwama na kilichoikwamisha kila mara.